A Isiyofungwa

Jumamosi, 3 Agosti

Tumepanda meli. Si kupanda — tumehamia! Kigari cha mtoto, mabegi manne, beseni la kuogea la plastiki ambalo mama watoto aligoma kuliacha, na mfuko wa nepi uliotaka kiti chake peke yake. Wenzetu wanaingia na kofia na miwani ya jua. Sisi kama tumefukuzwa nyumba.

Yote haya ni promosheni. Duka ninakonunua gesi na kompresa lilichezesha bahati nasibu kwa mafundi friji, na mimi ambaye sijawahi kushinda hata soda, nikashinda. Siku sita baharini, familia ya watu wanne. Kwenye bango lao kulikuwa na baba, mama na watoto wawili wanacheka kwa meno yote thelathini na mbili, hata kale kachanga. Kwenye bango lile hakuna aliyeshika nepi.

Kabini. Nimeipima kwa hatua: saba kwenda mbele, nne upande. Nimetengeneza friji za bucha zenye nafasi kuliko hii. Kitanda cha mtoto kikifunguliwa, mlango wa choo haufunguki. Kwa hiyo unachagua — mtoto alale, au wewe ujisaidie. Leo niliingia chooni kabla hakijafunguliwa, Jenereta akalala, na hapa ndipo nilipo. Nimekalia kifuniko, naandika. Nitatoka akiamka.

Jenereta ni wa mwisho, miezi tisa. Jina nilimpa mimi: anawaka bila kuuliza, anavuma, na kifungo cha kumzima hakijulikani kilipo. Dada yake ni Bosi, miaka mitatu na nusu. Huyo hahitaji maelezo.

Kiyoyozi kinapuliza moja kwa moja juu ya kitanda cha mtoto. Nimetafuta pa kukipunguza. Kuna kitufe ukutani, cha pambo tu, hakijaunganishwa na kitu, na hapo hawanidanganyi. Nimebandika nepi mbili kwenye tundu kwa tepu. Mama watoto kacheka mpaka kakaa chini. "Fundi ni fundi," kasema.

Daftari hili ni la kazi. Huku mbele nimeandika hitilafu za friji za watu. Huku nyuma naandika za kwangu.

Jumapili, 4 Agosti

Jana niliandika nusu. Nusu ya pili niliiruka makusudi. Haya, naandika.

Kuna chumba cha watoto, sitaha ya nne. Wanapokea kuanzia miaka mitatu, asiyevaa nepi. Nilipompeleka Bosi nikapewa fomu. Jina la mtoto, umri, jina la anayemleta, uhusiano na mtoto. Nikajaza harakaharaka, Bosi ananivuta suruali. Mlezi, dada mmoja mchangamfu mwenye filimbi shingoni, akaisoma, akanitazama ndevu, akasema kama anapiga mnada:

"Karibu sana, babu!"

Nikacheka. Basi. Nikacheka tu. Nilijua ni hizi mvi.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja, mkunga mstaafu, kamleta mjukuu wake. Kusikia alisikia. Na saa saba, kwenye chumba cha kulia, tumepangwa naye meza moja! Yeye na mumewe, bwana asiyeongea, anakula kama kasaini mkataba. Mama watoto alikuwa bado kabini ananyonyesha. Nilikuwa mimi na Bosi tu.

"Babu mwenzetu!" mkunga akaniambia. Kisha akainama, akanong'ona kwa sauti iliyofika meza tatu. Umemwona yule mzee pale, mwenye kofia pana ya ukili? Na yule binti mwenye mtoto mchanga? Eti mkewe! "Miaka thelathini na nane nimezalisha mimi. Hao nawajua. Wanakuja wodini wanahema kwa ngazi, wanaulizwa wewe ni baba wa mama, wanajibu hapana, baba wa mtoto. Hata haya hawana!"

Nikamtazama yule mzee. Alikuwa anamlisha mtoto wake uji kwa kijiko kidogo, anafungua mdomo na yeye kila mtoto anapofungua.

Na mimi nikasema — naandika kama nilivyosema — "Wengine kweli wamekosa haya."

Mimi! Mwenye miaka hamsini na saba! Mwenye binti mkubwa aliyemzidi mke wangu miaka miwili!

Mama watoto akatokea na Jenereta anavuma. Nikamwita: "Mama, njoo huku." Basi hilo tu. Mama. Ndivyo ninavyomwita kila siku. Lakini mtu humwita hivyo mkewe na humwita hivyo binti yake, na mkunga akachagua la pili. Akaniambia pembeni: "Binti yako kachukua pua yako." Nikamega mkate.

Nikumbuke niliahidi nini. Nilipokwenda kumposa, mama watoto hakuomba kitu ila kimoja. Tulikuwa tumesimama nje kwao, yeye kashika ndoo. Akasema, watu watasema, mimi sijali watasema nini. Najali wewe utafanya nini. "Siku ukinionea haya mbele za watu, nitajua. Na siku hiyohiyo naondoka." Nikaapa. Rahisi tu! Mke wa kwanza nilimzika miaka sita kabla, nyumba inalia upweke, ningeapa chochote.

Bwawa nalo. Mtoto mwenye nepi haruhusiwi kuingia majini, kibao kimeandikwa kwa herufi nyekundu. Tumemkalisha Jenereta kwenye beseni letu pembeni. Watu waliojianika juani nusu uchi wanatutazama kama tumeleta mbuzi. Beseni aligomea mama watoto, na mimi nilimcheka. Hata hapo nilikosea.

Leo mchana mkunga kamshika Jenereta, akanyamaza papo hapo. Mikono ya kazi. Akamwambia mama watoto: "Mwanangu, mpumzishe na baba kidogo, amechoka." Moyo ulinipasuka! Lakini mama watoto kaja kabini anatabasamu, yule mama ni mzuri sana, kasema nikupumzishe. Kasikia baba watoto. Neno moja limetuokoa sote.

Limeniokoa mimi. Tuandike sawasawa.

Jumatatu, 5 Agosti

Si mvi! Ni mkono wangu.

Nimekwenda kumchukua Bosi. Ukutani wamebandika orodha ya watoto, namba zao, na nani anaruhusiwa kuwachukua. Namba kumi na saba: *babu*. Nikaomba kuiona fomu yangu. Niliandika *baba*, naapa. Lakini zile a zangu hazifungi juu. Ya mwisho imekaa wazi kabisa, u yenye mkia. Mwalimu wa darasa la tatu alinichapa rula kwa ajili hiyo hiyo. "Funga zizi! Ng'ombe wanatoka!" Miaka hamsini ng'ombe wanatoka.

Kalamu ilikuwepo pale, imefungwa kwa kamba kwenye kaunta. Kufunga a moja ni kitendo cha sekunde. Nikaishika.

Mkunga akaingia. "Babu, na wewe umekuja kuchukua mzigo wako?"

Nikaiachia kalamu. Ikabaki inaning'inia inazunguka. Nikasema ndiyo, mzigo.

Jumanne, 6 Agosti

Mama watoto anajua.

Chakula cha mchana. Bafe — watu wazima wanasukumana kama hawajawahi kuona yai. Tumekaa wote. Bosi anachora kwa sosi mezani. Mkunga akampangusa mdomo, akamgeukia mama watoto, kwa wema kabisa, bila ubaya wowote. Kamuuliza, mume wako vipi, hakupata likizo? Bahati yako una baba wa kukusindikiza. Wababa wa siku hizi, hata nepi hawajui inafungwa upande gani.

Mama watoto akanitazama.

Mimi nilitazama saladi. Niliitazama kama kuna kitu kinavuja mle ndani.

Alinipa nafasi, naye alisubiri. Nilimsikia akisubiri. Nilichotakiwa kusema ni maneno matatu, na mdomo umejaa tango.

Akamgeukia mkunga. Sauti tamu. "Mume wangu? Hakuja, mama. Ana haya sana mbele za watu."

"Wapo wa hivyo," mkunga akasema.

"Wapo." Kisha akanigeukia mimi. "Shikamoo baba. Nipitishie chumvi."

Nikaipitisha. Na nikaitikia! Ile marahaba ilitoka yenyewe, kama mguu unaopigwa goti kwa daktari.

Kabini hakugomba. Ningetaka agombe. Alikunja nguo za watoto, moja moja. Nikasema, ni mkono tu, ni herufi, wamesoma vibaya. Nikamweleza habari ya a. Kasikiliza mpaka mwisho. Kauliza: "Na leo mezani, nani alisoma vibaya?"

Nikaokota soksi moja, nikaikunja.

"Tumebakiza siku tatu," kasema. "Umetaka kuwa baba yangu. Kuwa. Ijumaa tukishuka, mimi na watoto tunakwenda kwa mama."

Mama yake nimemzidi miaka miwili.

Jumatano, 7 Agosti

Shikamoo asubuhi. Shikamoo kwenye lifti. Shikamoo kwenye zoezi la dharura, tumevaa maboya ya rangi ya chungwa kama mitungi ya gesi, watu mia mbili wamesimama kwa mistari, na yeye anapaza sauti: "Baba, boya lako umelivaa kinyume! Shikamoo!" Wamama wakanisikitikia. Mmoja kasema ana adabu yule binti, siku hizi hawapo.

Sina hamu ya kuicheka meli leo. Nacheka kidogo tu: kuna mwanamuziki mmoja kwenye sitaha anayepiga nyimbo sita, akimaliza anarudia, na watu wanashangilia kama ni mpya.

Kwenye hizo nyimbo sita ndipo mpigapicha wa meli aliponijia, saa kumi jioni. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Akainama kwa heshima zote.

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba ruhusa yako. Nicheze na binti yako wimbo mmoja tu."

Mama watoto alikuwa hatua tatu. Alisikia kila neno. Mkono kiunoni, Jenereta mgongoni, ananitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nafasi ya pili! Wanawake wangapi wanatoa nafasi ya pili? Mkunga naye yupo, na mumewe, anakula korosho. Na yule mzee wa kofia ya ukili yupo, amelala kwenye kiti, mwanawe amelala juu ya tumbo lake, mke kawawekea kanga wote wawili. Kofia kamfunika mtoto. Yeye kichwa kinaungua jua na hana habari.

Nikasema: "Muulize mwenyewe."

Muulize mwenyewe! Hata fundi mwanafunzi hajibu hivyo.

Akacheza. Na mtoto mgongoni akacheza, na Jenereta kichwa kinaruka huku na huku, anacheka, msaliti. Mpigapicha hakumgusa hata kidole, kijana ana adabu kuliko mimi. Wimbo mmoja tu. Kisha mama watoto akasema asante, akaenda kununua maji.

Hilo ningelibeba. Lakini Bosi alikuwa pembeni yangu anapiga makofi. Akanivuta suruali, ileile.

"Babu! Mtazame mama!"

Nikamwambia, Bosi, mimi ni nani? Kaniangalia kama mjinga. "Kwenye meli wewe babu," kasema. "Mama kasema ni mchezo. Nyumbani ndiyo baba."

Wale watoto wangu wa kwanza niliwaacha wakakua mimi nikiwa chini ya friji za watu. Sikumwosha hata mmoja. Yule mkubwa aliposikia naoa, alisema kwenye simu: "Unaanza upya wakati sisi hujatumaliza." Nilimkasirikia mwaka mzima. Hawa wawili nimewaosha kila siku, kwa mikono hii. Nepi najua inafungwa upande gani! Nilikuwa najisifu kimoyomoyo kwamba safari hii mimi ni baba kweli.

Na ukweli huo nikauuza kwa mgeni, kwa kiti kizuri mezani.

Alhamisi, 8 Agosti

Naandikia koridoni, sakafuni. Nianze mwanzo.

Saa nne asubuhi simu ya kabini ililia. Mlezi: mtoto namba kumi na saba ana homa. Mama watoto alikuwa ametoka na Jenereta kumtembeza, sijui sitaha gani. Nikashuka ngazi mbio, nikihema kama wale wa wodini.

Bosi kalazwa kwenye godoro dogo, mashavu yanawaka. Amenyamaza. Bosi amenyamaza! Nikasema, mpe dawa ya homa. Mlezi akasema kwa upole, lazima mzazi asaini. Babu haruhusiwi. Ni sheria ya meli.

"Mimi ni baba yake."

Akatabasamu. "Mzee, usinitanie wakati mtoto anaumwa."

Akanionyesha fomu. Nikasema hiyo ni a. Akaigeuza kwenye mwanga. "A gani hii?"

Akapiga magoti karibu na Bosi: mama, huyu ni nani yako? Bosi akafungua jicho moja. Mtoto mtiifu mno, mwanangu. Mchezo haujaisha, bado tuko melini.

"Babu."

Na mlangoni, kamshika mjukuu wake mkono, mkunga! Kaja kusaidia, Mungu ambariki. Akamwambia mlezi: mimi shahidi, ni babu yake mzazi, tunakula meza moja tangu Jumamosi, mtu mwema sana. Kama ni dawa mpeni, mimi ni mkunga, nitasimamia.

Hapo mlango ulikuwa wazi. Ningesema sawa. Dawa ingetolewa, mtoto angepoa, na kesho tunashuka, simwoni tena mkunga huyu mpaka naingia kaburini. Hata hilo nililifikiri. Naandika ili nisijisahau: nilifikiri.

Nikasema: "Mama mkunga. Yule mzee asiye na haya uliyenionyesha. Si yule. Ni mimi."

Hakuelewa.

"Yule si binti yangu. Ni mke wangu. Hawa ni watoto wangu. Yule mwenye kofia hajadanganya mtu. Mimi nimekula chumvi yako siku sita na uongo mdomoni."

Filimbi ya mlezi iligonga kifungo cha shati lake, niliisikia. Mkunga akanitazama. Sikuona hasira. Alinitazama kama alivyotazama wengi mlangoni mwa wodi. Akasema neno moja tu: "Na yule mtoto wa watu akakuamkia shikamoo hizo zote?"

Kumbe mama watoto yuko nyuma yake. Alikuwa ametangaziwa kwenye vipaza sauti na mimi sikusikia. Sijui amesimama tangu lini. Jenereta kalala begani.

Hakunitazama. Kasaini dawa, kampa Bosi mwenyewe kwa kijiko. Mlezi, masikini, amechanganyikiwa, akamuuliza: dada, samahani, nahitaji kurekebisha hapa. Huyu mzee ni nani kwako?

Akaichukua fomu. Akaisoma kana kwamba ni ndefu kuliko ilivyo.

"Wewe umesoma babu?" akamuuliza mlezi. "Hebu itazame vizuri. A zote mbili ziko wazi. Mimi nasoma bubu."

Mkunga alicheka. Ilimtoka tu, akaziba mdomo. Mama watoto hakucheka. Akambeba Bosi mkono huu, Jenereta mkono ule, akatoka. Nilitaka kumpokea mmoja, akapita.

Mlezi akanipa fomu mpya. Nikaandika polepole kama darasa la tatu. Nikazifunga zote mbili mpaka karatasi ikatoboka.

Sasa ni saa kumi. Beseni liko nje ya mlango, na ndani yake nguo zangu, zimekunjwa vizuri. Sielewi kukunja huku maana yake nini. Mtu mwenye hasira hakunji. Au anakunja?

Mkunga kapita hapa akielekea chai, na mumewe. Mumewe ndiye aliyesimama. Siku sita sijawahi kusikia sauti yake. Kasema: "Gonga, bwana. Usikae kama kifurushi." Wakaenda.

Nimegonga.

Miguu midogo imekuja mbio, peku. Homa imeshuka basi, namshukuru Mungu. Bosi kauliza kwa ile sauti yake ya kazi: "Nani?"

Nikasema: "Baba."

Kisha nikamsikia anageuka kuuliza ndani:

"Mama, leo baba tunaye?"

Kiyoyozi cha korido kinavuma. Nimebandika sikio mlangoni.